Miti Mia na Arobaini ya Teun

Mti ulimchoma Mirte Hoogland sikioni wakati anapokea samaki wake wa kukaanga.

Ilikuwa Jumamosi ya mwezi Machi na soko la Gouda lilikuwa limejaa mpaka kwenye ngazi za jumba la mji. Foleni ya samaki ilipinda mara mbili kukwepa baiskeli za watu. Mirte alivaa koti la sufu la rangi ya haradali, koti alilolitamani majira mawili ya baridi kabla hajalinunua. Alipohisi zile sindano aliruka, na kikombe kizima cha mchuzi wa kitunguu saumu kikamwagikia kifuani.

"Ala! We bwana, umebeba nini huko?"

Mwanamume aliyeshika baiskeli alikuwa mrefu, amekonda, ana ndevu za shaba na skafu iliyofumwa na mtu asiyejua kufuma. Ndani ya kreti ya baiskeli yake kulikuwa na mti mfupi mnene wa rangi ya bluu, umefungwa kamba kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

"Samahani sana," alisema, akainama. Hakumwinamia Mirte. Aliuinamia mti, akaukagua ncha moja moja. "Afadhali. Haujavunjika."

"Na mimi je?"

Ndipo alipomtazama. Alimtazama vizuri, taratibu, kama mtu anayesoma anwani iliyoandikwa kwa mwandiko mbaya. "Wewe una mchuzi kwenye koti."

"Najua nina mchuzi kwenye koti! Mti wako ndio umenimwagia!"

"Huu ni msonobari wa Korea, lakini kibete. Kwa miaka kumi hauongezeki zaidi ya..."

"Kaka, sijauliza."

"Basi nipe hilo koti nikalifulishe. Unakaa wapi?"

"Mtaa wa Wafinyanzi, namba kumi na tisa. Nimehamia Jumatano."

Yule bwana akacheka mpaka mti ukatikisika. "Mimi niko kumi na saba. Teun Blokland. Karibu mtaani, jirani!"

Mirte alifumba macho. Tangu Jumatano alikuwa akichungulia kutoka dirisha la juu na kuona, ng'ambo ya uzio, fujo ya mabeseni na vigogo na vitu vyenye manyoya ya kijani. Alidhani ni bohari ya mtu aliyefilisika.

*

"Mzuri?" aliuliza mdogo wake Jorien kwenye simu jioni ile.

"Mrefu."

"Dada, nimekuuliza mzuri?"

"Macho yake si mabaya. Amenialika nikaione bustani. Katoa kijitabu chake cha miadi pale pale sokoni, kaandika Jumatano, saa nane mchana mpaka saa kumi na moja."

"Saa tatu nzima? Kwani bustani ina ukubwa gani?"

"Mita tisa, Jorien. Mita tisa!"

"Ana mke?"

"Ana miti."

Jumatano Mirte alivaa sketi ya kijivu na viatu vyake vya kisigino, kosa alilolijutia kabla ya mti wa kumi. Hapakuwa na majani ya kukanyaga wala ua hata moja. Kulikuwa na misonobari, miberoshi na mierezi, yote vibete au viwete. Mmoja ulipandwa ndani ya beseni la kuogea, mwingine ndani ya pipa la mashine ya kufulia, mingine mitatu ndani ya mabuti ya posta, maana Teun alikuwa mpeleka barua na mabuti yalikwisha kila mwaka. Mti mmoja ulitambaa kushuka ngazi kama mlevi anayetafuta nyumba. Mwingine uliinamisha matawi yote chini kama nywele zilizolowa mvua. Mingine ilikuwa ya dhahabu, ya bluu, ya kijivu, na kila mmoja ulikuwa na kibati chenye jina.

"Nilidhani miti hii imebaki makaburini tu," Mirte alisema, "na kwenye bustani za mabibi."

"Watu husema hivyo."

"Huudhiki?"

"Hapana. Sasa huu, ukitazama sindano zake, zinakaa tano tano..."

Kwenye mti wa thelathini alipewa kahawa na biskuti moja, kisha kopo likafungwa. Kwenye mti wa themanini alipewa kahawa ya pili, na biskuti nyingine moja. Vidole vya miguu vilikuwa vinalia. Lakini aliona jinsi Teun anavyoinua tawi kwa mikono miwili, kwa upole, kama mtu anayemfunua mtoto uso ili aone kama amelala. Aliona pia kwamba kila alipouliza swali, hata la dhihaka, Teun alisimama na kulifikiria kabla ya kujibu. Hakuna mwanamume aliyewahi kufanya hivyo na maswali ya Mirte.

Mwisho kabisa, kando ya mlango wa jikoni, ulisimama ndani ya pipa la mbao mti mdogo laini wa kijani kichanga, umejikunja kama mpira wa sufu.

"Huu ni mlariksi," Teun alisema, na sauti yake ikashuka. "Nikiwa kazini niliona makaburini, juu ya mlariksi mkubwa, kichaka kimejisokota kwenye tawi. Fagio la mchawi, ndivyo tunavyokiita. Ukikata kijiti chake ukakiunga kwenye shina jingine, unapata mti kibete. Huu ni mmoja tu duniani. Aliyeuona ndiye anayeupa jina."

"Unaitwaje?"

"Bado. Miaka minane nafikiria."

"Miaka minane! Jina tu?"

"Jina ni kitu kikubwa, jirani."

Mirte alirudi kwake akichechemea, akavua viatu, akajitupa kitandani akacheka peke yake. Kisha akasali, kama alivyosali kila jioni, na katikati ya sala akajikuta anamtaja mtu aliyemjua siku nne.

*

Mapenzi yaliingia humo humo, kati ya beseni na mabuti. Masika walipanda baiskeli kando ya mifereji. Kiangazi walikula aiskrimu wakining'iniza miguu majini, na Teun alimletea barua zake mkononi na kugonga kengele hata kama ilikuwa karatasi ya matangazo.

"Barua muhimu, jirani."

"Hii ni ya punguzo la magodoro, mpenzi."

"Inawezekana unahitaji godoro."

Mirte alimwita mpenzi, na masikio ya Teun yaliiva kila mara. Yeye aliendelea kumwita jirani.

Kisha akaanza kuja kanisani. Alikaa benchi la Mirte, upande wa kushoto, Jumapili baada ya Jumapili, amevaa suti ya kijani ya marehemu baba yake. Mahubiri yalipoanza, Mirte alifungua pochi kama wanawake wote wa kanisa lile, akatoa peremende mbili, moja yake, moja ya Teun. Pale kwao, mwanamume akila peremende ya mwanamke asiye ndugu yake Jumapili tatu mfululizo, watu huanza kuangalia kofia za harusi. Teun alikula peremende miezi mitano. Mama Wiersma wa kwaya aliuliza. Mzee wa kanisa aliuliza. Mchungaji mwenyewe aliuliza tarehe, huku ameshika mkono wa Teun mlangoni.

"Tarehe ya nini?" alisema Teun, na kwa moyo wake wote akaanza kumweleza mchungaji kuhusu mberoshi uliokuwa nyuma ya kanisa.

Mirte alikuwa na miaka thelathini na minane. Alikuwa na kazi nzuri ya duka la dawa na nyumba aliyoipaka rangi mwenyewe, na alitaka mume. Hakulionea haya jambo hilo mbele za Mungu.

"Bwana," aliomba usiku ule amepiga magoti, "ulimfungua Zakaria kinywa baada ya miezi tisa. Huyu kinywa anacho, tena kinafanya kazi kupita kiasi. Nakuomba umbadilishie mada tu."

*

Mwezi Novemba Teun alikwenda Ujerumani juma zima, kwenye mkutano wa watu wa miti kama yeye, ambao hubadilishana vijiti kama wengine wanavyobadilishana stempu. Alimwachia Mirte funguo na kurasa nne za maagizo. Aliandika mti upi unywe kikombe na upi unywe nusu kikombe. Aliandika jinsi ya kufunga lango ili lisilie. Katika ukurasa wa tatu alipiga mstari chini ya maneno haya: Mti wowote ukionyesha ugonjwa, uondoe mara moja, uutie kwenye pipa la kijani, usije ukaambukiza mingine.

Jumatatu mlariksi ulikuwa wa manjano. Mirte akaumwagilia maji. Jumanne sindano zilianza kudondoka, akaumwagilia tena, akauimbia na zaburi. Jumatano asubuhi ulikuwa mtupu. Fimbo tupu, kavu, za kahawia, na chini yake zulia la dhahabu.

Simu ikalia.

"Jirani! Mnaendeleaje huko?"

"Vizuri," Mirte alisema. "Baridi imezidi."

"Miti haijambo?"

Angeweza kusema. Alifungua kinywa kabisa. "Haijambo, mpenzi. Kula vizuri huko."

Alikata simu akasoma kurasa zote nne mara tatu. Mlariksi haukutajwa popote. Alitazama ile miti mingine mia moja thelathini na tisa, yote mizima, yote yenye sindano zake, akaona kama ugonjwa umekwisha kuanza kuirukia. Basi akafanya alivyoagizwa. Aliukata kwa msumeno mdogo, akilia, akaung'oa na mizizi, akautia kwenye pipa la kijani. Alhamisi asubuhi gari la taka la mji lilipita na kulimwaga pipa.

Teun alirudi Jumamosi na mafua na zawadi ya keki ya tangawizi. Mirte alimngoja kwenye mlango wake wa mbele, amevaa lile koti la haradali, na hakumpa hata nafasi ya kushuka kwenye baiskeli.

"Mlariksi umekufa. Nimeutoa kama ulivyoandika. Nilikudanganya kwenye simu, nisamehe. Niliogopa."

Teun alibaki na mguu mmoja juu ya kanyagio.

"Ulikufaje?"

"Ulidondosha sindano zote. Kwa siku tatu tu."

"Ah," alisema. Kisha akasema taratibu, "Ulikuwa umelala."

"Nini?"

"Mlariksi hudondosha sindano kila Novemba. Mwezi Machi huchipua tena."

Mirte alihisi damu ikimtoka usoni, kisha ikarudi yote kwa pamoja, na ikarudi na hasira.

"Na hukuniambia? Kurasa nne, Teun! Umeniandikia mpaka lango linavyolia! Umenisimamisha saa tatu kwa visigino nikisikiliza sindano tano tano, na hili moja hukulisema?"

"Nilidhani kila mtu anajua."

"Ulidhani! Na mimi nidhani nini? Miezi mitano unakula peremende zangu, mji mzima unaniuliza, mimi nidhani nini?"

Teun aliitazama keki ya tangawizi.

"Toka hapa," Mirte alisema huku analia. "Usije kwangu mpaka uwe na la kusema."

"Sawa," alisema Teun, akaondoka akisukuma baiskeli hatua kumi na mbili mpaka namba kumi na saba.

*

Alitii. Hilo ndilo lililomchosha Mirte kuliko yote: mtu yule alitii. Barua zilianza kupita kwenye tundu la mlango bila kengele. Kanisani Teun alikaa benchi la nyuma kabisa, na mahubiri yalipoanza alitazama mikono yake. Mirte alitoa peremende mbili kwa mazoea, akairudisha moja kwenye pochi huku Mama Wiersma akitazama bila haya.

Katika maktaba alitafuta kitabu cha miti. Kilisema vile vile alivyosema Teun. Aliusoma ukurasa ule amesimama na koti lake, akajua ameua kitu kizima, kitu kilichokuwa kimoja tu duniani, na hakuna hata wa kumshtaki.

"Mpigie simu," alisema Jorien.

"Nimwambie nini? Pole kwa mti?"

"Mwambie umemkumbuka."

"Nimemkumbuka! Namkumbuka mpaka naudhika! Napika supu ya njegere ya watu wawili, naimwaga. Lakini nimpigie mimi tena? Mimi ndiye nimwite mpenzi, mimi ndiye niulize, mimi ndiye nilie, sasa mimi ndiye nipige simu?"

"Dada, kwani ni nani alimfukuza?"

Mirte alimkatia simu, kisha akampigia tena kumwomba radhi.

Krismasi ikapita, na mwaka mpya ukaingia. Watu wote hufungua bustani zao kwa wageni mwezi Juni. Teun, kwa kuwa alikuwa Teun, alifungua yake Jumamosi ya pili ya Januari, wakati bustani nyingine zote ni matope na yake peke yake ina rangi. Asubuhi hiyo wageni ishirini walipita kwenye kichochoro cha nyuma, wengi wao wazee, wamevaa makofia na mabuti, kila mmoja na kikombe cha kahawa na biskuti yake moja.

Mirte alikuwa jikoni kwake na gauni la kulalia la waridi, rola kichwani, akijifanya hasikilizi. Sauti ya Teun ilipenya mbao za uzio neno kwa neno. Safari hii alianzia mlango wa jikoni.

"Na hapa?" aliuliza bibi mmoja mwenye kofia ya kijani na sauti ya kuita bata. "Mbona kuna pipa tupu?"

"Palikuwa na mlariksi, mama. Kibete. Mmoja tu duniani."

"Ukafa?"

"Hapana. Ulikatwa mzima."

Wageni wote walivuta pumzi kwa mkupuo. "Na mshenzi gani huyo?" akauliza yule bibi.

Mirte alishika ukingo wa sinki.

"Si mshenzi," alisema Teun. "Alifuata niliyoandika. Niliandika kurasa nne, na jambo moja alilohitaji kulijua sikuliandika."

"Angeuliza basi!"

"Aliniuliza, mama. Miezi minane aliniuliza kwa kila njia. Mimi ndiye niliyekuwa namjibu habari za sindano."

Mirte hakukumbuka alivyotoka nje. Alijikuta amepanda juu ya ndoo iliyopinduliwa, kichwa na rola zake kumi na moja zikiwa juu ya uzio, na nyuso ishirini na moja zinamtazama.

"Teun Blokland! Unawaeleza watu wa barabarani mambo ambayo mimi hujanieleza?"

"Habari za asubuhi, jirani."

"Usiniite jirani!"

"Ndiye huyo?" bibi wa kofia ya kijani alimnong'oneza mwenzake, na mtaa mzima ukasikia.

"Uliniambia nisije mpaka niwe na la kusema," alisema Teun. Alikuwa amekonda zaidi, na kwenye ndevu kulikuwa na chembe za biskuti.

"Wiki nane, Teun! Wiki nane!"

"Nilikuwa naandika." Akatoa karatasi kwenye mfuko wa koti, zimekunjwa, zimefutwafutwa. "Niko ukurasa wa sita."

"Mungu wangu, nipe subira! Sitaki kurasa! Nataka sentensi moja, na isiwe na mti ndani yake."

"Mbele ya watu?"

"Miti mia moja na arobaini umeieleza mbele ya watu!"

"Thelathini na tisa," Teun alisema, kisha akauona uso wa Mirte, akajuta.

"Sema basi, kijana," alisema yule bibi. "Miguu yangu inaganda."

Teun alizikunja karatasi akazirudisha mfukoni. Akaja mpaka kwenye uzio, akasimama chini ya uso wa Mirte, na mikono yake, ile iliyojua kuinua tawi lolote, haikujua pa kukaa.

"Nakupenda," alisema. "Nilidhani unajua."

"Usidhani tena."

"Sidhani. Nakuuliza. Mirte, utakubali nikuoe?"

Teun alikuwa hajawahi kulitamka jina la Mirte mbele ya mtu. Mirte alitaka kujibu lakini machozi yalimtangulia, akaogopa ndoo isije ikateleza.

"Na mlariksi?" alisema. "Niambie kweli. Usinifiche."

Teun alifikiria kabla ya kujibu, kama kawaida yake. "Niliulilia siku mbili. Siku zilizobaki nilikulilia wewe."

"Ndiyo," alisema Mirte. "Nakubali. Nakubali, we mtu mgumu, na kesho mchungaji atapewa tarehe na atapewa na wewe."

"Nitampa."

"Kwa mdomo wako."

"Kwa mdomo wangu."

Wageni walipiga makofi kwa jinsi watu wenye vikombe mkononi wanavyoweza kupiga. Mirte alishuka kwenye ndoo, akapita kichochoro cha nyuma kwa ndara, gauni la waridi likipepea, na alipofika langoni Teun alimvika koti lake la posta na kumkumbatia mpaka rola mbili zikaanguka kwenye beseni la kuogea.

"Samahani," alisema bibi wa kofia ya kijani baada ya kungoja kwa heshima. "Ziara ndiyo imekwisha?"

"Hapana, mama!" Teun alijifuta macho. Alikuwa anang'aa. "Ndiyo kwanza tunaanza. Bado yote mia moja thelathini na tisa."

Mirte alimtazama ili aone kama anatania. Hakuwa anatania. Hewa ilikuwa ya barafu, na kisigino chake kimoja kilikuwa nje ya ndara.

"Fanya haraka basi, mpenzi," alimnong'oneza, akipenyeza mkono kwenye mkono wake.

"Nitajaribu, Mirte. Lakini huu wa kwanza unahitaji dakika tano."

Mirte aliinua macho mbinguni. "Asante, Bwana," alisema kimoyomoyo, kwa sauti ya mtu aliyeletewa hasa kile alichoagiza, na sasa lazima akibebe mwenyewe mpaka nyumbani.